Siku Nne Pwani: Ya Kuangalia Kabla Hujafunga Sanduku

Familia nyingi za Bungoma na Kitale siku hizi hazingoji mwaliko wa harusi ndipo zishuke Pwani. Watu watano au sita huchanga pesa, wakakodi nyumba moja Diani, Watamu au Malindi, yenye jiko lake na kidimbwi cha kuogelea, wakapumzika siku tatu nne kisha wakarudi kazini. Mimi huwahimiza wagonjwa wangu wafanye hivyo wakiweza. Lakini ujue, mpenzi msomaji, kwamba hotelini kuna mlinzi wa kidimbwi, kuna mpishi anayejua samaki, na mapokezi huwa na nambari ya daktari. Katika nyumba ya kukodi kazi hizo zote umejitwika wewe.

Swali ninaloulizwa zaidi ni la malaria. Hapa wenyeji wa Kabuchai hushangaa ninapowaambia kwamba mbu wa kwao ni hatari kuliko wa Diani. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2020 ulipopima damu ya watoto, katika ukanda wa ziwa, ambamo Bungoma imo, watoto 19 hivi kati ya 100 walikutwa na vimelea vya malaria. Pwani walikuwa 5 kati ya 100. Kwa hiyo mtu wa Chwele haendi kwenye hatari mpya. Wa kuangaliwa ni mkazi wa Kitale, mji ulio mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako mbu wa malaria ni haba na mwili haujazoea vimelea. Pia watoto wenu waliozaliwa Nairobi, hata kama babu yao ni wa Kabuchai. Kinga ya malaria hairithiwi kama shamba, na mtu mzima akihama miaka kadhaa nayo humpungua.

Hao, pamoja na kina mama wajawazito, wamwone daktari mapema kuhusu dawa ya kujikinga. Iko ya kuanza siku moja au mbili kabla ya safari na kuendelea siku 7 baada ya kurudi, na iko doksisaiklini, ambayo huendelea majuma manne baada ya kurudi, haifai kwa wajawazito wala watoto walio chini ya miaka 8, na humfanya mtu aungue na jua upesi. Ile tabia ya kumeza dozi ya kutibu malaria eti ujikinge kabla ya kupanda basi, iacheni. Haikingi safari nzima. Kabla ya kulipia nyumba, muulize mwenyewe kama kila kitanda kina chandarua kisichotoboka. Feni pekee haitoshi, maana umeme ukipotea saa nane za usiku mbu wanaingia kazini.

Halafu kuna suala la hesabu ya siku, ambalo ndilo huwapoteza wengi. Mbu akikuuma usiku wa kwanza, malaria yake haitakulaza kabla ya siku 7 kupita, na aghalabu ni siku 10 hadi 14. Maana yake ni kwamba safari ya siku nne itakuuguza ukiwa umesharudi Kitale, kwenye baridi, ambako kila mtu atakwambia ni mafua. Mwambie daktari wazi kwamba ulikuwa Pwani, upimwe damu siku hiyo hiyo. Kwa upande mwingine, mtu wa Kabuchai akipatwa na malaria siku ya pili akiwa Diani, amekuja nayo kutoka nyumbani.

Si kila homa ya Pwani ni malaria, lakini. Mombasa ilikumbwa na chikungunya kati ya mwaka 2017 na 2018, na homa ya dengi imezuka huko mara kadhaa, mwaka 2021 ikiwa mojawapo. Mbu wake ana madoadoa meupe miguuni, huuma mchana, na huzaana kwenye maji safi yaliyosimama, kama vile kwenye vyungu vya maua barazani. Ukiwa na homa kali, maumivu nyuma ya macho na viungo kuvunjika, meza parasetamoli na unywe maji kwa wingi. Usinunue diklofenaki, ibuprofeni wala aspirini kabla ya kupimwa, kwa sababu dengi yaweza kumfanya mtu avuje damu, na dawa hizo huzidisha.

Sasa kidimbwi. Nakiogopa kuliko mbu. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2024 inakadiria kwamba watu 300,000 hivi hufa maji kila mwaka, na karibu robo yao ni watoto wasiotimiza miaka 5. Mtoto mdogo hapigi kelele anapozama. Huenda chini kimya, katika muda wa kugeuza chapati. Penye watu wazima sita kila mmoja hudhani mwenzake anaangalia. Pangeni zamu kwa jina, nusu saa kila mtu, na mwenye zamu asiguse simu wala bia. Ikiwa kidimbwi hakina ua wenye lango la kufungwa na mna mtoto wa miaka miwili, tafuteni nyumba nyingine. Akiopolewa hapumui, msimning'inize kichwa chini ili mmwage maji. Mpulizieni pumzi mdomoni mara moja, mbonyezeni kifua, na mwingine aite gari.

Baharini, waulizeni wavuvi saa za maji kupwa na kujaa. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupanda na kushuka karibu mita 4, na aliyetembea kwa miguu hadi mwambani asubuhi aweza kukuta njia ya kurudi imefunikwa. Vaeni viatu vya mpira huko. Miiba ya miambani huchoma, na mguu uliochomwa hutulizwa kwa kuutia katika maji ya moto yanayovumilika. Mwezi wa Disemba hadi Machi, pepo za kaskazi zikivuma, bahari huwa tulivu zaidi. Wakati wa kusi huchafuka.

Wenye mtoto wa selimundu, na kwetu Magharibi ni wengi, nawasihi msimnyime safari. Asiache foliki asidi wala dawa yake ya kila siku ya kukinga malaria, anywe maji kabla hajasikia kiu, na akitoka kwenye maji avalishwe nguo kavu papo hapo, kwa kuwa baridi ya ghafla yaweza kumletea maumivu. Wenye presha wanaotumia vidonge vya kukojoza wajue kwamba joto la Pwani na dawa hiyo kwa pamoja huangusha mtu; ukisikia kizunguzungu unapoinuka, kaa kivulini, kunywa maji, umwone tabibu. Madafu ni mazuri, ila mwenye ugonjwa wa figo ayaache kwa sababu ya potasiamu. Insulini unayoitumia hudumu majuma manne hivi pasipo friji mradi isipite nyuzi 25 hadi 30, kulingana na aina yake. Isiachwe garini wala kwenye sanduku lililo chini ya basi.

Samaki wa kununua ufuoni awe ametoka kwenye barafu. Jodari aliyeshinda juani huleta uwekundu wa uso na mapigo ya moyo, na kumkaanga hakuondoi sumu hiyo. Bunju, yule anayejivimbisha, asiingie jikoni kwenu kabisa.

Kabla ya kuondoka, jueni hospitali ya karibu. Aliye Diani anayo hospitali ya rufaa ya kaunti huko Msambweni, upande wa kusini, asikohitaji kungoja feri ya Likoni. Hakikisheni pia usajili wenu wa SHA, iliyochukua mahali pa NHIF Oktoba 2024, uko sawa.

Safari yenyewe ni zaidi ya kilomita 800. Wengi, hasa kina mama, hukataa kunywa maji wakihofia choo cha njiani, wakakaa kitini usiku kucha miguu ikining'inia. Damu huganda hivyo. Kunyweni, mshuke kila basi linaposimama, mkunje na kukunjua nyayo. Mjamzito, aliyefanyiwa upasuaji majuzi na anayemeza vidonge vya kupanga uzazi wawe waangalifu zaidi. Ukishafika nyumbani, mguu mmoja ukivimba na kuuma pajani au kwenye shavu la mguu, usiukande. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, na ukiwa unashindwa kupumua, nenda saa hiyo.