Mwanamuziki na Mnazi wa Kukodi

Juma lililopita kijana mmoja wa kidato cha nne hapa Malindi alinijia baada ya vipindi. "Mwalimu," akasema, "baba amenikataza kupiga gita. Asema muziki ni uhuni. Je, mtu aweza kuishi kwa muziki?" Nilikuwa na methali mdomoni nikaimeza, kwani swali lake lilihitaji hesabu.

Hesabu ya kwanza ni ya hoteli. Toka Watamu hadi Malindi, wanamuziki wasio na kampuni wala mfadhili huwatumbuiza wageni kwa ujira wa usiku mmoja mmoja. Masika yaanzapo mwezi wa Aprili, baadhi ya hoteli hufunga milango, na gita hutundikwa ukutani. Yapo na masika yasiyo ya mvua: ghasia za Likoni za Agosti 1997, bomu la Kikambala la Novemba 2002, machafuko ya mwanzo wa 2008, na korona ya 2020. Kila mara mgeni alipotoweka, riziki ya mwanamuziki ilitoweka pamoja naye.

Nasema nikijua. Ujanani niliimba na bendi katika hoteli moja ambayo sitaitaja. Jioni moja msimamizi alituambia tusirudi kesho. Hatukuwa na karatasi hata moja ya kumwonyesha.

Hesabu ya pili ni ya nyumbani. Harusi hazingoji ndege kutoka Italia, na matanga, kwa bahati mbaya, hayana msimu. Muziki wa bango, uliopata umaarufu kwa saksafoni ya Mzee Joseph Ngala, ulikita mizizi katika shughuli hizo za Wamijikenda. Mtu akiguswa na wimbo huinuka akamtunza mwimbaji. Wasomi wetu huyadharau malipo haya, lakini aliye na jina vijijini hupata pa kupiga hata hoteli zikifungwa.

Hesabu ya tatu ndiyo wengi huisahau, nayo ni ya wimbo wenyewe. Kundi la Them Mushrooms, lililoanzishwa Mombasa mwaka 1972, lilikuwa likipiga hotelini kama wengine. Kiongozi wake, Teddy Kalanda Harrison, alizichukua salamu ambazo mgeni hujifunza siku ya kwanza, akazitungia wimbo, "Jambo Bwana", uliotolewa mwaka 1982. Mwaka uliofuata kundi la Boney M la Ujerumani likatoa wimbo wao uliotokana na huo. Bendi ngapi za hotelini zimeupiga tangu hapo? Anayeupiga hulipwa kwa usiku ule tu. Mtunzi ana haki ya kulipwa kila unapopigwa hadharani, nayo Sheria ya Hakimiliki ya 2001 yailinda haki hiyo, ijapokuwa kuidai ni kazi nyingine.

Sisi wa Kilifi tunaijua tofauti hii kwa mnazi. Mgema anayekodi minazi ya watu hupanda na kushuka kila siku, na siku asipopanda hana kitu. Mwenye shamba naye hutoka jasho, lakini mti ni wake.

Basi nikamjibu yule kijana: yawezekana, kwa masharti. Piga hotelini, lakini kwa mkataba ulioandikwa. Usione haya kupiga matangani. Tunga nyimbo zako, uziandikishe kwa jina lako kabla hujazipeleka jukwaani. Na umalize shule, maana mkataba husomwa.

Walimu wenzangu, tangu 1927 Tamasha la Muziki la Kenya limekuwa likiwapambanisha waimbaji wetu. Twawafundisha kupumua, kusimama na kuinama wapigiwapo makofi. Vikombe vyajaa kabatini mwa mwalimu mkuu. Ni wangapi kati yetu waliowahi kuwafundisha kusoma mkataba wa ukurasa mmoja? Kijana akiingia jukwaani bila elimu hiyo, babake ana haki ya kuogopa.