Moyo Ulio Wazi Katika Safari ya Kwaresima



Tangu Jumatano ya Majivu wengi wetu tunahesabu. Tunahesabu siku 40, Ijumaa bila nyama, vituo 14 vya Njia ya Msalaba. Sheria ya Kanisa yenyewe haidai mengi: mfungo unawabana wenye umri wa miaka 18 hadi 59, nao ni wa siku mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Mtu anaweza kuyatimiza hayo yote na moyo wake ukabaki umefungwa.

Tunalijua hilo. Kwaresima iliyopita tulikuwa na ndugu tusiyesemezana naye, kisa zamu ya kuosha vyombo. Kwa wiki tatu tulipishana naye mlangoni mwa kikanisa tukitazama chini, kisha tukaingia kuimba pamoja Zaburi ya 95, ile inayotuonya tusifanye migumu mioyo yetu kama kule Meriba na Masa.

Kulitokea nini huko? Kitabu cha Kutoka, sura ya 17, kinasimulia kwamba Waisraeli walikosa maji jangwani. Kiu yao ilikuwa ya kweli, na kuona kiu si dhambi. Lakini walimgombeza Musa, wakafika hata kuuliza kama Bwana yu kati yao au la, wakati walikwisha kuvushwa bahari. Ndiyo maana majina hayo yana maana ya ugomvi na kujaribu. Moyo mgumu huanzia mara nyingi kwenye dai la haki. (Zamu ile kweli haikuwa yetu!)

Dominika ya 3 ya Kwaresima, Mwaka A, Mama Kanisa anatusomea habari hiyo pamoja na Injili ya mwanamke Msamaria, Yohane sura ya 4. Hapo anayeanza kusema kiu ni Yesu mwenyewe. Anaomba maji kwa mtu ambaye Wayahudi hawakuchangamana na watu wake, na ombi hilo dogo ndilo linalofungua mazungumzo yote. Sisi katika Kwaresima tunafundishwa sana kutoa, na ni vema. Ila mtu anaweza kutoa sadaka kila juma bila kumhitaji mtu yeyote. Kuomba ni kugumu zaidi, hasa kumwomba yule tuliyemnunia: mseminari mwenzetu, shemeji, jirani wa jumuiya ambaye tukimwona anaongoza sala tunachelewa makusudi.

Basi siku moja, tukiwa tumekwama kwenye sababu nne za Aristotle, tulimwendea ndugu yule tukamwomba atueleze. Alitazama daftari, akavuta kiti. Alieleza mpaka kengele ya Masifu ya Jioni ikalia. Habari ya vyombo tuliizungumza baadaye, na ikaonekana kwamba yeye pia alikuwa na lake dhidi yetu, zito kuliko letu, ambalo hatukuwahi kulijua.