Bahari ya Hindi na Maharage ya Karagwe

Mkulima wa Karagwe au Kyerwa yuko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam, na wako wengi ambao hawajapata kuiona bahari. Hata hivyo, kila ifikapo Septemba bahari hiyo ina neno katika shamba lake la maharage.

Bahari ya Hindi ina pande mbili: huku kwetu na kule Indonesia. Kwa kawaida maji ya kule ndiyo yenye joto zaidi, hivyo mvuke hupanda kule na mvua nyingi hunyesha kule. Lakini iko miaka ambayo maji ya kwetu hupata joto kupita kawaida na ya kule yakapoa. Hapo mvuke hupanda upande wetu, pepo za mashariki huusukuma bara, na vuli huzidi kipimo. Mambo yakigeuka, vuli hudhoofika, kama ilivyokuwa mwaka 2016. Elinino, yaani joto la Bahari ya Pasifiki, nayo aghalabu huongeza mvua zetu, mathalani mwaka 1997.

Shahidi wangu ni ziwa. Mvua kubwa zilizoanza mwaka 1961 zilipandisha Ziwa Viktoria zaidi ya mita 2 kufikia 1964. Vuli ya 2019 joto likahamia tena upande wetu, na Mei 2020 ziwa likaivuka hata alama ile ya zamani. Mto Kagera, unaopita mpakani mwa Kyerwa na Rwanda, ndio mkubwa kuliko yote inayomwaga maji humo.

Sasa, sisi watu wa redio tuna kosa letu. Tunasoma kwamba mvua zitakuwa "juu ya wastani", tunapiga muziki. Mzee mmoja wa Nkwenda aliwahi kuniuliza, "Mwanangu, huo wastani ni madebe mangapi?" Sikuwa na jibu. Wastani ni jumla ya msimu mzima; hausemi kama mvua itakatika maharage yakiwa katika maua, au itayaozesha yakisubiri kuvunwa. Tena Kagera si pwani. Hupata unyevu wa ziwa na wa misitu ya Kongo, kwa hiyo nguvu ya bahari hufika ikiwa imechanganyika. Masika ndiyo kabisa: huitii bahari kwa shingo upande.

Taarifa ya vuli ya Mamlaka ya Hali ya Hewa hutaja pia lini mvua zinatarajiwa kuanza na kukoma. Safari hii nitaanza kusoma hapo.