Taa ya Injini Isizibwe kwa Utepe

Yako magari hapa Visiwani yanayopanda kilima kwa kusitasita huku taa ya manjano ya injini ikiwaka, na dereva ameshaizoea. Wapo hata wanaoiziba kwa utepe mweusi. Taa hiyo ina sababu nyingi. Leo twaitaja moja, noki sensa.

Kifaa hiki kidogo hufungwa kwa bolti kwenye bloku ya injini, na kazi yake ni kusikiliza. Mchanganyiko wa petroli na hewa ukijiripukia wenyewe ndani ya silinda, bila kungoja moto wa plagi uufikie, chuma hugonga. Sensa husikia, kompyuta ikachelewesha cheche, na pistoni ikasalimika. Sensa ikifa, kompyuta huwa kiziwi, na kwa hadhari huchelewesha cheche daima: nguvu hupungua na petroli huliwa zaidi.

Mashine ya kusomea hitilafu huonesha, mathalani, namba P0325, na hapo ndipo mafundi wengi wanapoteleza. Namba hiyo yataja njia nzima ya umeme ya sensa, si sensa peke yake. Kwa hewa yetu ya chumvi, pini za soketi huliwa na kutu mapema. Basi kwanza soketi ichomolewe na kusafishwa, kisha waya upimwe kwa mita hadi kwenye kompyuta. Na injini ikiwa yagonga kweli, kwa petroli hafifu, masizi au joto kupita kiasi, sensa haina kosa.

Ikithibitika kufa, ibadilishwe. Uso wa bloku uwe safi, na sensa bapa ikazwe kwa spana ya kipimo, aghalabu Nyutoni-mita 20. Ikikazwa kwa kukisia, husikia vibaya. Katika baadhi ya injini za V6 za Toyota na Nissan imefichwa chini ya manifoldi ya hewa, na kuifikia ni kazi kubwa. Ndiyo maana wako wanaofunga rezista mahali pake ili taa izimike. Huo ni ulaghai, kwani injini huachwa bila mlinzi.

Wenye dhamana ya magari ya Serikali wasitie saini hati ya kununulia kipuri kabla ya kuletewa vipimo hivyo. Tumepata kuona gari la ofisi moja likibadilishiwa sensa mara mbili, kumbe waya umetafunwa na panya.