Kikohozi Kisichosikia Dawa

Mama msomaji, huenda unamfahamu baba wa namna hii. Alikwenda machimbo ya Nyarugusu au Mwime akiwa kijana mwenye nguvu. Leo akipanda kilima kidogo tu anasimama kuvuta pumzi. Amekwisha kunywa dawa za kifua kikuu, pengine mara mbili. Majirani wananong'ona kuhusu UKIMWI, wengine uchawi.

Mimi ni muuguzi, na nakiri kosa langu. Alikuja baba kama huyo nikampa dawa ya kikohozi. Akarudi, nikampa tena. Mkewe ndiye aliyeniambia, "Nesi, huyu amefanya kazi ya karasha miaka kumi na miwili." Sikuwa nimemwuliza kazi yake hata siku moja!

Mawe yenye dhahabu huwa na madini yaitwayo silika. Yakichorongwa au kusagwa hutoa vumbi laini ambalo macho hayalioni. Vumbi hilo hufika ndani kabisa ya mapafu na kukaa humo. Mwili hupigana nalo, mapafu yanapata uvimbe wa ndani, kisha makovu. Na penye kovu hewa haipiti vizuri. Huo ni silikosisi. Mara nyingi hujitokeza baada ya miaka kumi au zaidi, hata kama mtu ameshaacha mgodi.

Dawa ya kuondoa makovu haipo. Lakini yako mengi ya kufanya. Kwanza, mgonjwa aondoke kwenye vumbi, na sigara aache. Pili, apimwe makohozi, kwa maana mapafu yenye silika hushikwa upesi na kifua kikuu, nacho hutibika. Dawa zake hutolewa bure. Kama makohozi ni safi, mwombe daktari picha ya kifua, na umweleze kazi ya mumeo bila kungoja kuulizwa.

Nasi akina mama tunaoponda mawe, mtoto mgongoni, tusijidanganye kwamba khanga puani inatosha. Vumbi hilo hupenya. Mwagia mawe maji kabla ya kuyaponda, na mtoto akae mbali. Nguo za kazi zilowekwe nje, usizikung'ute ndani.

Baba yule hakuwa na kifua kikuu. Aliacha karasha, sasa anauza chumvi na sabuni kibandani. Njiani bado husimama kuvuta pumzi, na mkewe humngoja.