Mgongo wa samaki hutegemea chakula cha siku za mwanzo

Kifaranga wa samaki mwenye mgongo uliopinda huogelea kwa shida, hunyang'anywa chakula na wenzake, na hata akikua hapati bei sokoni. Mfugaji wa Baraka au Fizi, karibu na Ziwa Tanganyika, akiwaona wengi wa namna hiyo bwawani, ni rahisi ailaumu mbegu. Mbegu yaweza kuwa na kosa kweli, hasa ndugu wakizaliana wao kwa wao. Lakini kabla ya kununua mbegu nyingine, na achunguze chakula.

Mfupa hujengwa juu ya nyuzi za protini iitwayo kolajeni, na nyuzi hizo haziwi imara bila vitamini C. Vitamini hiyo ikipungua, uti wa mgongo hupinda na vifuniko vya matamvua hubaki vifupi. Mbuzi hujitengenezea vitamini C mwilini. Tilapia na kambale hawawezi. Lazima waile, kama sisi binadamu. Kiluwiluwi, yaani samaki aliyetoka tu kwenye yai, ndiye aliye hatarini zaidi, kwa sababu akiba ya kiini cha yai humwishia baada ya siku chache tu, huku mifupa yake ndiyo kwanza inaundwa.

Miaka ya 1970, Richard Lovell wa Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani, alionyesha kwamba kambale waliofugwa kwenye vizimba kwa chakula kisicho na vitamini C walipinda migongo. Samaki wa bwawani wana nafuu, maana hujiokotea vijidudu na mimea midogo ya majini.

Kuzidisha nako kuna madhara. Nchini Japani, viluwiluwi wa samaki bapa waliopewa vitamini A kupita kiasi walipata ulemavu wa uti wa mgongo. Kwa hiyo vidonge vya vitamini vya binadamu visisagwe na kumwagwa bwawani kwa kukisia.

Kinga ya kwanza ni maji yenyewe. Weka samadi bwawani mapema, ungoje maji yawe ya kijani ndipo uachie vifaranga. Ukijani huo ni chakula hai chenye vitamini. Pumba na unga wa ndagala hutia nguvu na protini, ila vitamini C haimo ya kutosha, nayo huharibiwa upesi na joto, hewa na unyevu. Kwa hiyo ukiwapa samaki majani ya mboga, yasipikwe sana. Mawese mekundu kidogo huongeza vitamini E na karotini, ambayo tilapia huigeuza kuwa vitamini A; lakini mawese yakichacha, yatupwe. Anayenunua chakula cha kiwandani asome tarehe, akiweke pakavu kivulini, na asikirundike kwa miezi.

Mgongo ukishapinda haunyooki tena. Mfugaji, walishe vizuri wakiwa bado wadogo.