Kukumbuka, kushukuru, kutumika: kamba ya nyuzi tatu

Maandiko ya kusoma nyumbani: Luka 17:11-19, Yohana 13:1-17, Matendo 9:36-43, Waebrania 13:1-8



Mwezi wa 11 ukifika, tunaona majirani wetu Wakatoliki wakienda makaburini na majembe, mafagio na maua. Tarehe 1 ni sikukuu yao ya Watakatifu Wote. Tarehe 2 wanawakumbuka marehemu wao wote. Na kila mwaka wasikilizaji wa radio wanatuletea swali lile lile: "Dada yangu ni Mkatoliki. Ananiita kwenye misa ya kumbukumbu ya baba yetu. Nikienda, nimeabudu wafu? Nisipokwenda, nimemkataa dada yangu?"

Swali hili si dogo. Kuna jamaa ambazo hazisemezani tangu siku ya kilio, kwa sababu mmoja alisimama nje ya kanisa, na mwingine akasema, "Dini yako imekufundisha kumtupa baba." Kwa hiyo leo tunapenda kueleza kwa utulivu: Wakatoliki wanafanya nini, kwa nini wanafanya hivyo, tunatofautiana nao wapi, na Neno la Mungu linatuuliza nini sisi wenyewe. Mtu asiyejua anachofanya jirani yake hawezi kumpenda vizuri, wala hawezi kumjibu vizuri.

1. WANAVYOKUMBUKA

Ibada ya tarehe 2 mwezi wa 11 ni ya zamani sana. Karibu na mwaka 1000, Odilo, mkubwa wa monasteri ya Cluny huko Ufaransa, aliagiza watawa wake wawaombee marehemu wote siku hiyo, na desturi ikaenea katika Kanisa lote la Roma. Leo katika parokia za kwetu, jamaa huandikisha jina la marehemu wao, na padiri hulitaja katika misa.

Wengi kati yetu husema, "Wananunua mbingu kwa pesa." Tuseme kweli: mafundisho yao hayasemi hivyo. Sadaka inayotolewa pamoja na jina ni ya kumsaidia padiri na kazi ya kanisa, na sheria ya Kanisa lao, kanuni ya 947, inakataza hata sura ya biashara katika jambo hilo. Wanaomba kwa sababu wanaamini kwamba mtu aliyekufa katika neema ya Mungu anaweza kuwa bado anahitaji kutakaswa. Wanategemea pia kitabu cha pili cha Wamakabayo, sura ya 12, ambacho kimo katika Biblia yao na hakimo katika yetu.

Hapa hatuko pamoja nao. Sisi tunasoma Waebrania 9:27 na tunaamini kwamba wakati wa kutengeneza mambo na Mungu ni sasa, tungali hai. Vilevile, katika misa ya desturi ya Kongo, iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988, mwanzoni wanawaita watakatifu na mababu waliokuwa na moyo mnyoofu wawe pamoja nao katika sala. Wao wanasema huko si kuabudu, ni kuwa na ushirika. Sisi hatufanyi hivyo, kwa maana mpatanishi wetu ni mmoja, Kristo Yesu (1 Timoteo 2:5). Tunaweza kusema neno hili wazi bila kutukana mtu.

Lakini tuangalie jambo jingine. Tarehe 28/11/1964, wakati wa vita vya Wasimba, wamisionari Carrara na Faccin waliuawa Baraka, na mapadiri Didonè na Joubert waliuawa Fizi siku ile ile. Karibu miaka 60 ilipita. Tarehe 18/08/2024 watu walikusanyika Uvira, na wale wanne wakatangazwa wenye heri. Sera Anuarite aliuawa Isiro tarehe 1/12/1964, na mpaka leo wasichana wengi wa Kongo wanaitwa kwa jina lake. Askofu mkuu Munzihirwa aliuawa Bukavu tarehe 29/10/1996, akiwa amesema bila woga juu ya haki ya wakimbizi na ya wenyeji pia. Vijana waliozaliwa miaka mingi baada ya kifo chake wanajua jina lake. Watu hawa wanajua kukumbuka.

2. WANAVYOSHUKURU

Neno "Ekaristi", ambalo wanalitumia kwa Meza ya Bwana, ni la Kigiriki, nalo maana yake ni shukrani. Kwa hiyo, hata misa ya kilio kwa jina lake ni ibada ya kushukuru. Kwao kukumbuka na kushukuru havikai mbalimbali.

Utaona pia misa za shukrani kwa mambo ya maisha: mama amejifungua salama, mtoto amepata diploma ya Serikali, padiri au sera ametimiza miaka 25 ya utumishi. Wakati wa matoleo wamama wanakuja wakicheza, na vikapu vya maharagwe, mikungu ya ndizi, makaa, kuku, hata mbuzi. Mara nyingi hawaleti vitu hivyo kama malipo. Ni njia ya kusema, "Tumeona ulivyotutumikia, na tunamshukuru Mungu kwa ajili yako."

Sisi Wapentekoste tunajua kushukuru kwa kinywa. Shuhuda zetu ni nyingi, na nyimbo zetu zina nguvu. Lakini sikiliza vizuri shuhuda za Siku ya Mungu: tunamshukuru Mungu kwa kazi tuliyopata, kwa homa iliyotoka, kwa safari iliyokwenda vizuri. Ni mara ngapi mtu anasimama na kusema, "Namshukuru Mungu kwa ajili ya mama fulani aliyeniombea miaka kumi, na leo nimemletea kikapu hiki"? Wenye ukoma kumi waliponywa, mmoja tu akarudi. Wale tisa walikuwa na imani ya kuponywa. Walichokosa ni miguu ya kurudi.

3. WANAVYOTUMIKA

Mwaka 1961 maaskofu Wakatoliki wa Kongo waliamua kwamba Kanisa lao lijengwe juu ya jumuiya ndogo za Wakristo wanaoishi jirani. Huku kwetu Kivu jumuiya hizo zinaitwa Shirika. Parokia moja ina Mashirika mengi. Watu wa Shirika wanakutana nyumbani kwa mmoja wao, wanasoma Neno, kisha wanaulizana: Nani ni mgonjwa? Nani amefiwa? Nani hana chakula? Mjane gani nyumba yake inavuja?

Ndiyo maana mtu akifa katika Shirika, unaona watu wanafika haraka na maji, kuni, unga na michango ya sanduku. Juma linalofuata, Shirika hilo hilo linaweza kuwa na zamu ya kufagia kanisa. Kuna makatekista wanaofundisha mwaka hata mwaka kwa malipo madogo au bila malipo. Kuna vijana wa Kiro na wa Xaveri, kuna Caritas ambayo jina lake ni "upendo" kwa Kilatini. Si wote wanaofanya kazi hiyo kwa moyo. Kuna Mashirika yaliyolala, kama vile kuna vikundi vyetu vya sala vilivyolala. Lakini njia imewekwa: jina linalotajwa katika sala linakuwa mlango wa kubisha.

4. USIKU MMOJA

Je, jambo hili ni la Wakatoliki tu? Hapana. Turudi kwenye Biblia, katika usiku ule Bwana Yesu alipotolewa.

Katika Luka 22:19 alitwaa mkate na kushukuru. Katika andiko hilo hilo aliagiza tufanye hivyo kwa kumkumbuka yeye. Na katika Yohana 13, usiku huo huo, alivua vazi lake, akajifunga kitambaa, akawaosha wanafunzi miguu. Kushukuru, kukumbuka na kutumika: yote matatu katika chumba kimoja, mezani pamoja, usiku mmoja. Alhamisi Kuu, katika misa, padiri huwaosha miguu waamini ili wasisahau kwamba mkate na beseni vilikuwa pamoja.

Mhubiri 4:12 anasema juu ya kamba ya nyuzi tatu, kwamba haikatiki upesi. Ukitoa uzi mmoja, nyingine zinadhoofika. Kukumbuka bila kushukuru kunakuwa uchungu: tunahesabu tu waliotuua na siku walipotuua, mpaka moyo unataka kisasi. Kushukuru bila kutumika kunakuwa maneno matupu. Na kutumika bila kukumbuka kunachosha, kwa maana mtumishi hajui tena anamfanyia nani, wala nani alimtangulia.

Angalia Dorkasi katika Matendo 9. Alipokufa, wajane walimwonyesha Petro kanzu na mavazi aliyowashonea. Kumbukumbu yake ilikuwa juu ya miili yao. Walilia, walishukuru, na kazi ya mikono yake ndiyo iliyosema.

5. NA SISI?

Tarehe 6/10/1996, majuma matatu kabla ya kifo cha askofu mkuu Munzihirwa, watu wenye silaha walishambulia hospitali ya Lemera katika milima ya Uvira. Hospitali hiyo ni ya ndugu zetu Wapentekoste wa CEPAC. Wagonjwa waliuawa vitandani. Wauguzi waliuawa wakiwa kazini. Ni watu zaidi ya 30.

Daktari mkuu wa hospitali hiyo, Denis Mukwege, mwana wa mchungaji wa Kipentekoste, hakuuawa. Mwaka 1999 alianzisha hospitali ya Panzi, Bukavu, pia chini ya CEPAC, ambako maelfu ya wanawake waliojeruhiwa na vita wametibiwa. Alipopokea tuzo la Nobel la amani huko Oslo mwaka 2018, alianza hotuba yake na usiku wa Lemera. Hapo tunaona kamba nzima: kumbukumbu ya wafu iligeuka kuwa kitanda cha walio hai.

Lakini tuulizane, ndugu zangu. Je, watoto wetu wa Shule ya Siku ya Mungu wanajua neno "Lemera"? Nani katika makanisa yetu anasoma majina ya wauguzi wale? Tumesema kwa haki kwamba hatuombei wafu. Lakini Biblia haikutuambia tuwasahau. Waebrania 13:7 inatuagiza kuwakumbuka waliotuongoza na kutuambia Neno. Katika Yoshua 4 Mungu aliagiza mawe 12 yasimamishwe, ili mtoto akiuliza, baba awe na la kujibu.

Na tusiishie kwenye vita. Mchungaji anapokufa, tunajaza uwanja. Wakwaya wanashona nguo za sare. Baada ya miaka miwili, mjane wake anauza mkaa pembeni ya barabara, na mchungaji mpya hajui hata nyumba yake. Kanisa linalofanya hivyo limekosa Yakobo 1:27, hata kama mafundisho yake juu ya wafu ni sawa kabisa.

6. BASI TUFANYE NINI?

Kwanza, juu ya swali la dada. Yesu alilia kaburini kwa Lazaro, na Paulo anatufundisha kulia pamoja na wanaolia (Warumi 12:15). Nenda. Chukua jembe, ng'oa majani katika kaburi la baba yenu, beba maji, kaa na wageni. Katika misa, kaa kwa heshima. Sala usiyoiamini usiiseme, na wakati wa komunyo baki mahali pako. Kwa kawaida wao wenyewe humpa komunyo Mkatoliki tu, kwa hiyo hakuna atakayeona ubaya. Mweleze dada yako mapema, ninyi wawili, kwa upole, si mbele ya watu siku ya kilio. Wakati wa kuomba, mshukuru Mungu kwa uzima wa baba na umwombee dada yako. Dhamiri yako ikikukataza kuingia kanisani, usiilazimishe. Lakini hakuna andiko linalokukataza kupika chakula cha wageni wake.

Pili, kila kanisa liandike daftari: majina ya waliolianzisha, ya waombaji waliolala, ya waliouawa. Siku moja kwa mwaka yasomwe, na tumshukuru Mungu kwa kila jina.

Tatu, kila jina lipewe kazi. Huyu aliacha mjane: nani atamtembelea juma hili? Yule aliacha yatima: nani atalipa minerval yake?

Maswali kwa vikundi vya sala

1. Taja mtu mmoja aliyekuletea Neno la Mungu. Ulimshukuru lini, na kwa njia gani?
2. Ni mjane gani wa mtumishi anayeishi karibu nasi? Anahitaji nini sasa?
3. Katika jamaa yako, ni nani umeacha kusemezana naye kwa sababu ya kilio? Utachukua hatua gani ya kwanza?

Sala

Bwana Yesu, uliyeshukuru, ukatuagiza kukumbuka, na ukaosha miguu usiku mmoja: utusamehe kusahau kwetu. Utupe miguu ya kurudi kama yule mmoja kati ya kumi, na mikono kama ya Dorkasi. Patanisha jamaa zilizotengana makaburini. Amina.